Chai ya Saa Saba Mchana

Mimi ni mtu wa maneno, sikatai. Muulize yeyote pale Ipuli, hapa Tabora, ninapouzia asali, atakwambia Mektilda akiletewa asali iliyotiwa maji, mtaa mzima unajua kabla aliyeileta hajaweka ndoo chini. Ndiyo maana nikisema kwamba siku ile nilikaa kimya huku mapigo ya moyo wa mwanangu yanapungua tumboni, watu wananitazama mara mbili. Wengine wanadhani natania.

Mtoto huyo tulimngoja miaka saba. Naihesabu na ile ya kwanza, ambayo mimi na mume wangu Alois tulidanganyana kwamba hatuna haraka. Alois anafanya kazi reli, na wakati huo alikuwa amepangiwa Kaliua, kwa hiyo mimba nililea mwenyewe, na simu yake kila jioni ikiniuliza anacheza, anacheza? Alicheza vizuri tu. Kutoka ndiyo hakutaka. Wiki ya arobaini ikapita, ya arobaini na moja ikaisha, na yeye katulia humo ndani kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka. Kliniki wakapima presha yangu, imepanda. Daktari akasema huyu hangojwi tena, mama aje kesho aanzishiwe uchungu.

Mimi nilidhani uchungu unaanzishwa kama moto wa mkaa, unapuliza kidogo kidogo hadi ushike. Weee. Waliniwekea vidonge, nikalala navyo, asubuhi wakaning'inizia dripu, na kufika saa tatu sikuwa tena na mgongo, nilikuwa na kitu kinachowaka mahali mgongo ulipokuwa. Wanawake waliozaa kwa uchungu wao wenyewe wananiambia ule hupanda taratibu, unapewa nafasi ya kuzoeana nao. Wa dripu haubishi hodi.

Mkunga wetu alikuwa sista Josepha, mzaliwa wa Nzega, mfupi, mwenye mikono mipana na macho ambayo hayasahau. Nilimuuliza habari za ile sindano ya ganzi ya mgongoni. Pramila, mwenye duka mjini ninayempelekea asali, alishanisimulia kwamba mkwewe alijifungua Dar akiwa anapiga soga kwenye simu. Josepha akacheka, bila ubaya, akasema hiyo hapa kwetu haipo, hapa ipo mikono yake na pumzi yangu. Akanionyesha namna ya kutoa pumzi ndefu kwa mdomo, namna ya kusimama nishike kitanda na kuyumbisha kiuno, na akamfundisha mama mkwe wangu mahali pa kunikandamiza mgongoni kwa kiganja. Siku hizi wanaruhusu mtu mmoja wa kukaa nawe leba, na wangu alikuwa mama Marcelina, mama yake Alois, aliyekuja kwa treni kutoka kijijini kwao, mbele ya Kaliua.

Kabla ya kutundika dripu, Josepha alituuliza sote wawili kama nimekunywa dawa yoyote ya nyumbani. Nikasema sijanywa, na ilikuwa kweli. Akasema tusikilize vizuri: dripu hii na mizizi ya nyumbani havikai tumbo moja. Mama Marcelina akaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote, kama yuko kanisani.

Nilijitafutia na ujanja wangu mwenyewe. Uchungu ukija, nilikuwa nataja vituo vya reli kichwani, vile Alois anavyovitaja akiwa usingizini: Tabora, Usoke, Urambo, Kaliua. Unapanda tangu Tabora, pale Urambo ndiyo unataka kukata roho, halafu ukifika Kaliua unashuka, unapumua, unakunywa maji. Nilisafiri safari hiyo tangu asubuhi sijui mara ngapi. Ilimradi Kaliua ipo, nilijua naweza.

Na sikutoa sauti. Hilo nalo lazima nilieleze, maana ndilo lililotaka kuniponza. Kwao Alois mwanamke hapigi kelele akizaa. Mama Marcelina kazaa wanane, na anapenda kusema hata kuku wa jirani hawakushtuka. Anayelia anatunzwa katika kumbukumbu. Yupo shangazi mmoja wa mume wangu, Mhoja, aliyepiga yowe kijana wake wa kwanza akizaliwa; kijana huyo sasa ana ndevu, na hadi leo kwenye harusi yoyote ya ukoo mtani mmoja lazima asimame katikati ya watu, ajishike kiuno, aigize kilio cha Mhoja neno kwa neno. Watu wanacheka hadi wanalala chini. Mhoja mwenyewe anacheka, atafanyaje? Mimi nilishaapa kwamba mimi hawataniigiza. Mdomo wangu wanaujua kwa mengine, kwa hili wasiupate.

Nyuma ya pazia alikuwepo dada mmoja, Shamila. Huyo aliita kila mtu. Alimwita Mungu, akamwita mama yake, akamwita mumewe kwa majina ambayo siwezi kuyarudia. Kila akipiga kelele Josepha anakwenda kwake, anampima, anamsikiliza mtoto. Akipita kwangu ananigusa bega na kuniambia naendelea vizuri. Mama Marcelina ananibinyia jicho. Nami nikavimba kichwa, mjinga mimi.

Saa sita Josepha akanipima njia, sentimita nne. Tangu asubuhi ile yote, nne. Daktari akapita, akatazama karatasi zangu, akasema waongeze matone kidogo, na kama hadi saa kumi sijasogea, tutazungumza habari za upasuaji. Alisema kwa upole kabisa, akaenda zake. Lakini nilimwona mama Marcelina akibadilika uso. Akaniaga kwamba anakwenda kunitafutia chai, akachukua chupa yake na kile kikapu chake asichokiachia mtu.

Alirudi saa saba. Akamimina chai ya rangi kwenye kikombe, akatazama pazia, akanisogezea.

Sasa mimi asali naijua. Naijua ya maua ya mninga na ya maua ya mtundu, naijua iliyokaa na iliyovunwa juzi. Kwenye chai ile ilitiwa asali nyingi kuliko inavyohitajika, na chini yake kulikuwa na uchungu wa mizizi, harufu ya udongo uliolowa. Nilinusa mara moja tu nikajua. Nikamtazama mama.

"Kunywa, mwanangu," akaninong'oneza. "Inasukuma. Advera nilichelewa kumpa."

Advera alikuwa binti yake wa kwanza, wifi yangu. Alifariki miaka mitatu kabla ya hapo kwenye uzazi, nyumbani kijijini, baada ya siku mbili za uchungu, yeye na mtoto wake. Mama Marcelina ndiye aliyekuwa anamzalisha. Tangu tumzike sikuwahi kumsikia akilitaja jina hilo, hata kwenye sala ya familia, na sasa alilitaja mbele yangu, kikombe mkononi.

Ningependa kusema nililazimishwa. Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa kisu, nilikuwa nimechoka, na zaidi ya yote nilikuwa nimeanza kuhisi kwamba safari mbili tatu zaidi za Urambo nitapiga ukelele wodi nzima isikie. Nilitaka yaishe kabla sijaaibika. Nikakinywa kikombe chote, nikafuta mdomo.

Haikupita nusu saa. Ukaja mmoja, Tabora, Usoke, Urambo, nikajiandaa kushuka Kaliua, na treni haikusimama. Ikapita Kaliua, ikapita Usinge, ikapita Nguruka, nikavimaliza vituo vyote hadi Kigoma ziwani na tumbo bado gumu kama ubao. Nikaanza upya. Hapakuwa na mahali pa kupumua. Ile pumzi ndefu aliyonifundisha Josepha haikupata nafasi ya kuingia, sembuse kutoka. Mama Marcelina alikuwa kanishika mkono, usoni ana furaha, ananiambia ndiyo hivyo, inafanya kazi, jikaze mwanangu. Nikajikaza. Niliuma upindo wa kanga hadi nikasikia nyuzi zinakatika.

Josepha wakati huo alikuwa kwa Shamila, ambaye mtoto wake ndiyo alikuwa anatoka. Tukasikia kilio cha kichanga, tukasikia wanacheka. Mimi kimya. Mtu kimya kama mimi nani angemkimbilia?

Alipokuja kwangu alikuwa bado na tabasamu la kule. Akaniwekea kile kimashine cha kusikilizia moyo wa mtoto, na tabasamu likaondoka. Tangu asubuhi nilikuwa nimeuzoea moyo ule, unakwenda mbio. Sasa ulikuwa unatembea. Hata mimi niliusikia. Josepha akatazama saa yake ya mkononi, akahesabu, akahesabu tena. Tisini na nane. Akafunga dripu hapohapo, akanigeuza ubavu wa kushoto, akaweka kiganja tumboni akakiacha hapo muda mrefu.

Akasema tumbo halilegei. Akaniuliza nimekunywa nini.

Nilimtazama mama Marcelina. Alikuwa amesimama na ile chupa ya chai kaikumbatia, na kabla sijafungua mdomo akajibu yeye kwamba ni chai tu, sista, chai ya rangi. Josepha akarudisha macho kwangu.

Nikasema, "Chai."

Mimi huyu. Miaka saba nimemlilia Mungu anipe mtoto, na kwa neno moja nikamuuza ili mama mkwe wangu asifokewe na nesi. Naona aibu kuliandika hili kuliko lolote nililowahi kulisema kwa hasira.

Daktari aliitwa, akaja anakimbia. Moyo wa mtoto sasa themanini na nne. Wakazungumza juu ya kichwa changu, haraka haraka. Dripu imefungwa na bado kizazi kimekaza. Daktari akasema huenda kondo la nyuma limeanza kubanduka, na kama ni hilo basi ni kisu sasa hivi. Akamtuma mtu chumba cha upasuaji. Huyo akarudi na jibu kwamba mezani kuna mama mwingine, tumbo lake liko wazi, ndiyo kwanza wameanza. Daktari akaanza kuniuliza kuhusu damu, kuhusu kuanguka, kuhusu maumivu ya kichwa, na mimi natikisa kichwa tu, hapana, hapana, na kila swali lilikuwa linakula muda wa mtoto. Nilijua wanatafuta kitu ambacho wanawake wawili ndani ya chumba kile tulikuwa nacho. Kwenye kimashine moyo unagonga, unanyamaza, nangoja, unagonga.

Josepha akainama hadi pua yake ikakaribia kugusa yangu.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Nikijua, nafanya. Nisipojua nakisia, na ninayekisia juu yake ni mwanao."

Vidole vya mama Marcelina vilikaza kwenye mkono wangu. Haikuwa kunitisha, naapa. Alikuwa ananiomba.

Nikauvuta mkono wangu. Nikasema, "Nimekunywa dawa. Mizizi. Kaniletea mama."

Na nilipokwisha kufungua mdomo sikuweza tena kuufunga. Sauti yote niliyoibana tangu saa tatu ilitoka kwa pamoja. Sijui kama Mhoja alilia hivyo. Nadhani Mhoja alikuwa anaimba. Walinisikia hadi geti la hospitali, maana mlinzi alinipa pole siku ya pili bila kuniuliza mimi ni nani. Nililia, nikamtukana Alois aliye Kaliua, nikaitukana reli yenyewe, na cha ajabu ni kwamba niliweza kupumua. Pumzi ilipata njia nyuma ya kelele. Josepha hakuninyamazisha. Aliniambia endelea, mama, toa, na mikono yake yote miwili ilikuwa inafanya kazi.

Daktari alimgeukia mama Marcelina, akamuuliza ni mizizi gani na kiasi gani. Hakumfokea. Mama akamnyooshea chupa. Daktari akaifungua, akanusa, akatazama kilichobaki, akamwambia Josepha lete ya kulegeza. Nikachomwa sindano. Mama Marcelina akaambiwa akakae kwenye benchi nje, akatoka kinyumenyume.

Halafu tukangoja. Watu wakisimulia uzazi wanasimulia kusukuma, lakini mimi nitakwambia hakuna kinachouma kuliko kungoja namba. Nilimwomba Josepha ahesabu kwa sauti ili nami nisikie, liwalo na liwe. Themanini na sita. Themanini na nne. Tisini. Tisini. Nikasikia tumbo langu, kwa mara ya kwanza tangu saa saba, likilegea kidogo chini ya kiganja chake, kisha likakaza, kisha likalegea tena. Mia na mbili. Josepha akabandika tena kimashine mahali pengine. Mia na kumi na nane. Akafumba macho kwa muda mfupi, nikajua kwamba naye alikuwa anaogopa.

Mtoto hakungoja tena chumba cha upasuaji. Saa tisa na nusu njia ilikuwa imefunguka yote, na nikasukuma kwa kelele kila mara, bila haya yoyote, huku Josepha ananiambia sasa, pumzika, sasa. Maumivu yalikuwa yaleyale, dripu au si dripu, hakuna aliyeyapunguza hata chembe. Yalikuwa na mapengo tu, na kwenye kila pengo nilikuwa nauliza namba.

Alitoka wa kike, rangi ya majivu, mikono inaning'inia. Hakulia. Walimchukua hadi meza ya pembeni, wakamfuta kwa nguvu, wakamwekea ile barakoa ndogo ya kumpulizia hewa, na mimi nikaona migongo yao tu. Sasa nilipotakiwa kunyamaza ndipo niliposhindwa. Nilimwita, nikamwita, sina hata jina la kumwita, nikamwita asali, asali, asali. Josepha anapuliza, anahesabu, anapuliza. Kisha kikatoka kitu chembamba, kama mlango wa kabati unaofunguliwa kwa woga. Kisha kingine. Kisha akalia kweli kweli, na Josepha akasema kwa Kisukuma neno ambalo sikulielewa, akajifuta uso kwa mkono wa gauni lake.

Waliniwekea kifuani. Nje jua bado lilikuwa kali. Nilimhesabu vidole, nikarudia, halafu hofu ilipoanza kushuka hasira ikapanda ikakaa mahali pake. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mama Marcelina. Niliyapanga vizuri, mnanijua. Ningemwambia kwamba mtoto wangu hatakanyaga kijijini kwake. Ningemwambia kwamba Alois atachagua kati yetu. Nilikuwa na moja la mwisho, baya kuliko yote, ambalo sitaliandika.

Akaruhusiwa kuingia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kanga za mtoto. Akasimama miguuni pa kitanda. Hakumtazama mtoto, hakunitazama mimi. Josepha alikuwa amekaa kando anajaza kadi yangu. Nikafungua mdomo, lakini mama aliwahi.

"Sista, nina swali," alisema. "Mtu akiwa na uchungu mkali, akanywa dawa ile, halafu uchungu ukakata ghafla. Akasema, mama, nimepona, acha nilale. Hapo inakuwa nini?"

Nilijua anauliza habari za nani. Josepha hakujua; kwake lilikuwa swali la mafunzo, na alifurahi kwamba bibi huyu ameamua kujifunza. Nilitaka kumwashiria, lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa na mtoto. Akajibu bila kuinua kichwa, kalamu inaendelea.

"Hapo kizazi kimepasuka, mama. Anaona nafuu, kumbe damu inamwagikia ndani. Akilala hivyo nyumbani haamki."

Mama Marcelina akaitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa.

"Basi Advera nilimuua mimi," akasema. "Na nilimfunika shuka mwenyewe, nikawaambia watoto wasipige kelele, dada yao amepata usingizi."

Josepha akaacha kuandika. Nilitafuta neno la kumpa mama yule. Dakika moja nyuma nilikuwa nayo mengi, na hakuna hata moja lililofaa, na neno hapana, ambalo ndilo nililotaka kulisema, halikutoka kwa sababu lingekuwa uongo. Akajishusha akakaa sakafuni na kanga za mjukuu wake mapajani. Nikamwomba Josepha amchukue mtoto, nikaanza kushuka kitandani nimfuate.